Watoto wa awali wanaona kila kitu, tuache kuwaziba midomo

Ukikaa na walimu wa awali nusu saa tu lazima mmoja atasema "mi kwangu watoto wote ni sawa, siangalii kabila, siangalii dini, siangalii chochote," na wengine wote tunaitikia ndio ndio. Nayaheshimu sana hayo maneno, nasema mapema mtu asije akanielewa vibaya. Nchi hii ilijengwa hivyo kwa makusudi kabisa. Sensa ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake ni ile ya 1967, baada ya hapo swali likatolewa, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatangaza Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikashika shule za msingi, vijana wa Bukoba wakapelekwa kusoma sekondari Tabora, wa Mtwara wakajikuta Moshi, watu wakaoana hukohuko, na leo ukimuuliza mtoto wa Mbagala kabila lake anakujibu "baba Mngoni, mama sijui, bibi Mzaramo." Hiyo ni mali kubwa na mi naipenda.

Shida ni kwamba mtoto wa miaka minne hiyo historia hajaipitia. Anachojua yeye ni alichokiona kwa macho yake na alichosikia mama na mashangazi wakiongea huku wanasukana. Anaingia darasani anakuta mmoja ngozi nyeupe nywele za njano, mwingine anatambaa kwa mikono, mwingine kajifunga hijabu, mwingine ana rozari shingoni, mwingine akifungua mdomo Kiswahili chake kinachekesha wenzake, alafu mwalimu anasema "wote mko sawa, kaeni chini." Mtoto hapo hajifunzi kwamba wote wana thamani moja. Anajifunza kwamba hivi vitu anavyoviona ni vya aibu, havisemwi mbele ya mwalimu, basi anavibeba anavipeleka uwanjani kwenye rede na kombolela, na huko mwalimu hayupo.

Na siku hizi tunao wote. Zamani awali ilikuwa hasa ya watoto ambao kwao kuna kauwezo, ila sera ya elimu ya 2014 ikasema mwaka mmoja wa awali ni lazima, na Januari 2016 ada zikafutwa kwenye shule za serikali, wakaja: wa bodaboda, wa mama ntilie, wa mwenye duka la jumla, aliyeshuka na basi kutoka Maswa wiki iliyopita, mwenye ulemavu ambaye zamani angeachwa ndani na bibi. Kiwango ni mwalimu mmoja watoto 25, mi wangu wanapita 80, na nadhani wengi mnaosoma hapa mnacheka kwasababu kwenu wanapita 100. Tofauti zote za Dar es Salaam zimekaa kwenye mkeka mmoja zinasubiri uji.

Kuna watu wanasema watoto hawana ubaguzi, tunawafundisha sisi. Nusu ni kweli. Mwaka 2005 watafiti Uingereza waliwaonyesha vichanga picha za nyuso za watu wa rangi mbalimbali, waliozaliwa siku chache tu hawakuwa na upande wowote, lakini waliofika miezi mitatu walikuwa wanakazia macho zaidi sura zinazofanana na za nyumbani kwao. Mwaka uliofuata utafiti mwingine ukachukua makundi matatu, watoto wa kizungu wa Israeli, watoto wa Ethiopia wanaolelewa Ethiopia, na watoto wenye asili ya Ethiopia wanaolelewa Israeli ambao kila siku wanashikwa na watu weusi na weupe. Makundi mawili ya kwanza yakaegemea sura za kwao. La tatu halikuegemea popote. Miezi mitatu! Kwahiyo jicho linazoea kile linacholishwa, na likilishwa watu wa kila aina linazoea watu wa kila aina, na hilo kwa mwalimu wa awali ni habari njema sana. Ila mtoto akifika kwetu tayari ana masikio pia, keshasikia nani mzuri nani mbaya, na hapo kukaa pamoja tu hakutoshi.

Mfano wa hilo upo wazi tangu miaka ya 1940 kule Marekani, wanasaikolojia wawili weusi, mke na mume, Mamie na Kenneth Clark, waliwapa watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 midoli inayofanana kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi mzuri, yupi mbaya, ungependa kucheza na yupi. Wengi wakamchagua mweupe kuwa ndio mzuri na mweusi kuwa ndio mbaya, na walipofika kwenye swali la "yupi anafanana na wewe" kuna waliolia. Ushahidi huo ulifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi iliyoamuliwa 1954, ile iliyopiga marufuku kutenga shule kwa rangi.

Sasa wewe nenda Kariakoo uliza mdoli. Utapewa wa nywele za njano macho ya bluu, ukiomba mweusi muuzaji anakwambia subiri nikaangalie stoo, akirudi na mmoja basi bahati yako. Na nyumbani je? Mtoto anazaliwa wageni wanakuja kumuona, wa kwanza kufungua mdomo anasema "jamani kazuri, keupe hako," na kama ni mweusi wanasema "atang'aa tu baadae." Dada yake anapaka mkorogo, mama anamfokea huku na yeye cream yake ipo juu ya kabati. Alafu mtoto huyohuyo darasani anamwambia mwenzake "we mweusi kama mkaa sikushiki mkono" na sisi tunashangaa katoa wapi.

Naomba nikae kidogo kwenye ualbino maana hapo ndo kimya chetu kimetugharimu roho za watu.

Tanzania inatajwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 1,400 hivi, ni wengi ukilinganisha na nchi nyingi duniani. Na yale mauaji ya watu wenye ualbino ya kuanzia katikati ya miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, sina haja ya kuyasimulia, kila mmoja wetu anayakumbuka. Watoto wakakusanywa kwenye vituo, Buhangija pale Shinyanga, wengine Mitindo kule Misungwi, wakalindwa, wakabaki hai, na waliofanya kazi hiyo Mungu awalipe. Lakini kulindwa kwa kutengwa kuna bei yake. Kuna watoto walikua bila kulala nyumbani kwao, na upande wa pili kuna watoto wengi sana huku nje hawajawahi kula uji na mwenzao mwenye ualbino, wanachokijua juu yake ni hadithi za kutisha za mtaani, kwamba hafi anapotea, kwamba ana utajiri mwilini. Hadithi hizo zinaingia kichwani miaka minne, mitano. Hao waliokwenda na mapanga na wao waliwahi kuwa na miaka mitano.

Kwahiyo mtoto akininyooshea kidole akauliza "mwalimu mbona huyu mzungu na mama yake mweusi?" simwambii shii. Namshukuru kwa swali, kwa sauti, na kama mwenyewe mwenye ualbino yupo tayari (huwa nimeshaongea naye na mzazi wake kabla, hii ni muhimu, usimfanye mtoto wa watu maonyesho) tunakaa wote mkekani naeleza. Kila mtu mwilini ana rangi inaitwa melanini, kazi yake ni kutukinga na jua. Wewe unayo nyingi, mwalimu anayo nyingi, mwenzetu amezaliwa nayo kidogo sana, ndo maana jua linamuunguza haraka na mwanga unamuumiza macho. Haiambukizi. Huipati kwa kumshika, huipati kwa kula naye. Basi. Sentensi sita saba, mtoto wa miaka minne anaelewa vizuri tu, na swali linalofuata siku zote linanishangaza kwa uzuri wake, mmoja aliuliza "sasa si tukachezee kwenye mwembe?" na tangu siku hiyo michezo ya saa nne tunafanyia chini ya mwembe, wote.

Baada ya maelezo inakuja kazi yenyewe na hii ndo wengi wanairuka. Macho ya mtoto mwenye ualbino mara nyingi yanachezacheza na haoni mbali, kwahiyo ukimweka nyuma umemfukuza shule bila kumfukuza. Anakaa mbele, mgongo kwenye dirisha ili mwanga usimpige usoni, anaruhusiwa kusogea ubaoni mpaka pua iguse kama anataka, namwandikia herufi kubwa kwa kalamu nene nyeusi kwenye karatasi. Sare za mikono mifupi kwake hazifai, shule lazima ikubali mikono mirefu, suruali au sketi ndefu na kofia pana, na ajue kuivaa sio adhabu. Mafuta ya jua yapo ya hapahapa nchini, Kilisun, yanatengenezwa KCMC Moshi kwa ajili ya ngozi hizi na jua hili, na saratani ya ngozi ndo inawamaliza vijana wengi kwahiyo mzazi asione ni urembo. Na ukutani nimebandika picha mbili za watu wenye ualbino, Salum Khalfani Bar'wani aliyechaguliwa na watu wa Lindi Mjini kuwa mbunge 2010, na Dk. Abdallah Possi aliyekuwa naibu waziri kisha balozi wetu Ujerumani. Sizielezei sana. Watoto wenyewe wanaulizana huyu nani, na jibu ni "mbunge," "balozi," kama wanavyoelezana habari za mtu mwingine yeyote.

Wazazi ni ngoma nyingine. Mama mmoja alinisubiri getini, mtu mzuri tu, wa heshima, akaanza kwa mbali.

"Mwalimu samahani, mi sina ubaya na mtu, ila mwanangu pale ulipomkalisha naomba umhamishe."

"Kuna nini dada yangu, wamegombana?"

"Hapana... ila si unajua. Na mi hapa nilipo ni mjamzito."

Nikamuelewa, mwanawe amekaa na mwenzake mwenye ualbino. Sikumfokea, maana angetoka pale na hofu yake akaongezea na hasira. Nikamwambia dada yangu, mimba haibadilishwi na jirani wa dawati. Ualbino unatoka kwa baba na mama, wote wawili wawe wamebeba ile asili mwilini, na hata wakiwa wamebeba kila mimba nafasi ni moja kati ya nne. Unaweza kuwa umebeba wewe, nimebeba mimi, hatujui, tunazaa watoto weusi maisha yetu yote. Akanyamaza muda, akauliza "kwahiyo yule mama hakufanya kitu?" Hilo ndo swali lililokuwa moyoni mwake. Kwamba yule mama mwenzake alikosea wapi, ili yeye asikosee. Nikamwambia hakufanya kitu. Mtoto alibaki pale alipo, na wiki mbili tatu baadae nikawaona hao mama wawili wanagawana nauli ya bajaji.

Nihamie kwenye utani wa makabila, najua hapa nitagusa watu.

Mi ni Mpare, nimelelewa na utani, naupenda, kwenye msiba wetu watani ndo walitufanya tukacheka siku ambayo hamna aliyetegemea kucheka. Mchaga na Mpare wataitana mwizi na bahili mpaka kesho na wote wanajua mpaka uko wapi. Msukuma na Mzaramo hivyohivyo. Lakini utani una sheria zake jamani. Unafanywa na watu wazima, pande zote mbili zinajua zinataniana, ukinitania nina haki ya kukurudishia, na siku ya shida mtani ndo anakuja kubeba jeneza. Mtoto wa awali hana hata moja ya hizo sheria. Yeye anabeba maneno matupu: Mpare bahili, Mhaya anaringa, Mkurya mkali anapiga, Mgogo ombaomba, Mmasai mlinzi. Hajui kwamba baba alikuwa anataniana na rafiki yake, anadhani amepewa taarifa. Alafu anakutana na mwenzake aliyetoka Dodoma anamwambia "we Mgogo omba hela," mtoto wa watu hajui kurudisha, hana mtani hapo, ana aibu tu na machozi.

Na hilo la Mmasai niliongezee neno. Watoto wa Dar wengi Mmasai wanayemjua ni mlinzi wa geti au yule anayesuka rasta. Niliwauliza siku moja Mmasai anafanya kazi gani, wakajibu kwa pamoja. Nikauliza kuna daktari Mmasai? Wakacheka, yani ilikuwa kichekesho kwao. Nikawaambia tulishakuwa na waziri mkuu Mmasai, Edward Sokoine, na mwingine tena Edward Lowassa, na walimu wapo, na mafundi wapo. Hapo sikuwa nafundisha siasa, nilitaka tu ile picha moja waliyonayo iongezewe nyingine, maana mtoto mwenye picha moja ya watu fulani ataitumia hiyohiyo kwa kila atakayekutana naye.

Lugha. Tunazo lugha zaidi ya 120 na kuna watoto wanaingia awali Kiswahili chao bado kichanga, hasa waliotoka vijijini juzijuzi. Anasema "kurara" badala ya kulala, darasa zima kicheko. Au hasemi kabisa, anakaa kimya mwezi mzima, na mwalimu anaandika kwenye daftari "mzito kuelewa" kumbe mtoto ana akili kama moto, anaijua mifugo ya babu yake yote kwa majina, ila kwa Kisukuma. Tulichofanya sisi ni kitu kidogo cha asubuhi. Kila wiki tunasalimiana kwa lugha ya nyumbani kwa mmoja wetu, na mwenye lugha ndo mwalimu wa salamu hiyo. Mwangaluka ya Kisukuma, kamwene ya Iringa, mbukwenyi ya Dodoma, shimbonyi ya Uchagani, sopa ya Kimasai. Yule aliyekuwa hasemi kabisa alisimama akatufundisha mwangaluka, sisi ndo tukawa tunakosea na yeye anatusahihisha, na mdomo wake haujafungwa tena mpaka leo, sasa hivi namuomba anyamaze kidogo. Kiswahili kimemuingia haraka zaidi baada ya hapo. Wale wanaoogopa kwamba tukiruhusu lugha za nyumbani tunaleta ukabila, nawaomba wajaribu wiki mbili waone kinachotokea.

Sasa kuhusu mdoli ninayemtumia darasani. Kule California mwaka 1989 mwalimu anaitwa Louise Derman-Sparks na wenzake waliandika namna ya kufundisha watoto wadogo wasikue na upendeleo mbaya, na kazi yao ina malengo manne ambayo mi nimeyabandika ndani ya mlango wa kabati langu kwa Kiswahili changu: mtoto ajipende alivyo na watu wake, afurahie kukaa na aliye tofauti naye, atambue kitu kikiwa ni uonevu, na athubutu kusema au kufanya kitu. Mawili ya kwanza tunayaweza. Hilo la tatu na la nne ndo tunayaogopa, maana mtoto anayejua uonevu kesho atatuambia na sisi walimu. Na atuambie.

Njia niliyoona inafanya kazi kwa hayo mawili ni ya mdoli mgeni, walimu wa Uingereza na Afrika Kusini wanaitumia sana. Fundi wa mtaani kwetu alinishonea mdoli kwa vipande vya vitenge, mkubwa kiasi cha kumpakata, mweusi, nywele za uzi. Huyu hachezewi kama midoli mingine. Ana jina ambalo watoto walimchagulia, ana nyumbani kwao, baba anauza mkaa, mama anafua nguo za watu, na akija darasani anakuja na habari. Siku moja habari yake ilikuwa kwamba wenzake wamemcheka kwa sababu amekuja na kandambili zimeunganishwa na waya. Nikawauliza, unadhani anajisikiaje? Kukawa kimya cha ajabu. Mtoto wa kwanza kuongea ni mmoja ambaye yeye mwenyewe ndo kinara wa kucheka wenzake, akasema "anataka kurudi kwao." Nikauliza na kama wewe ulikuwepo ungefanyaje? "Ningemwambia mwalimu." "Ningesema acheni." "Ningevua na mimi vyangu." Watoto wa miaka minne na mitano wanajadili uonevu kwa adabu na akili kuliko vikao vingi vya watu wazima nilivyokaa, na hakuna aliyetajwa jina, hakuna aliyeaibishwa, wakati mwenye kandambili zenye waya alikuwepo pale mkekani anasikiliza wenzake wanamtetea bila kujua wanamtetea yeye.

Baada ya wiki ile ilitokea uwanjani kweli. Mtu akasukumwa kwa kuitwa mchafu, na kabla sijafika mdogo mmoja keshasimama katikati, mikono kiunoni, "acheni, mnamfanya atake kurudi kwao."

Rangi za ngozi nazo tunatengeneza wenyewe kwasababu kwenye pakiti za rangi za dukani ile inayoitwa ya mwili ni ya pinki na karibu watoto wangu wote hawana mwili wa pinki. Tunachukua udongo mwekundu, mkaa uliosagwa, unga wa kahawa, manjano kidogo, unga wa muhogo wa kupunguza ukali, tunachanganya na gundi ya ugali mwepesi. Kila mtoto anatafuta rangi ya mkono wake mpaka ifanane. Hapo hata wale wawili waliokuwa wanabishana nani mweusi wanagundua wote wana kahawa na mkaa, kipimo tu. Kazi ni chafu, sare zinaharibika, wape wazazi taarifa mapema.

Mambo ya wasichana na wavulana sitakaa sana, mnayajua. Kwenye kona ya nyumbani mvulana akipika niachieni apike, msichana akiendesha gari la kopo apite. Ila angalieni kazi tunazowagawia sisi wenyewe bila kufikiri, "wavulana bebeni viti, wasichana fagieni," kila siku ya Mungu, mwaka mzima. Hiyo ni somo tayari na halipo kwenye mtaala.

Na kuna jambo la mwalimu mwenyewe. Jaribu hivi: weka karatasi mezani yenye majina yao, kila ukimwita mtoto kujibu au ukimsifia unapiga kijistari. Wiki moja. Utaona nani hana hata kimoja. Mara nyingi ni wale wa nguo zisizopigwa pasi, wa makamasi, wasioongea, na wenye vijistari vingi ni wasafi, wazungumzaji, wanaonukia poda. Hatuna nia mbaya, mtoto msafi anavutia macho ya mtu yeyote, ila karatasi haioni nia, inaonyesha mgao wetu ulivyo.

Mtu akiniambia haya ni mambo ya kuletewa namuelekeza pwani. Mombasa miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu waliona watoto wao wanaachwa nyuma, na vituo vya awali vilivyokuwepo haviheshimu dini wala lugha ya nyumbani, wakalipeleka jambo kwa Aga Khan, na mwaka 1986 ukaanza mpango wa awali za Madrasa, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waanzilishi wa kuwafundisha walimu. Walimu wakawa kina mama wa hapohapo mtaani, vifaa vikawa vifuu vya nazi, makuti, makombe, mbegu, hadithi na nyimbo za kwao. Zanzibar ikafuata 1990, Uganda 1993. Mtoto aliingia darasani na dini yake, lugha yake na bibi yake, hakuambiwa aviache mlangoni. Kwangu mimi huo ndo msingi wenyewe, mtoto aliyeheshimiwa alivyo ni rahisi sana kumfundisha kumheshimu mwenzake.

Darasani kwangu Waislamu na Wakristo wako karibu nusu kwa nusu. Mwezi wa Ramadhani anauliza mmoja mbona wa nyumbani kwa fulani hawali mchana, mwenye Ramadhani anaeleza kwa fahari zote anasema na yeye alifunga mpaka saa sita. Krismasi hivyohivyo. Mi kazi yangu ni kusahihisha tu pale mmoja anapomwambia mwenzake "dini yenu mbaya," na hapo nakuwa mkali kweli, huwa namuuliza kakosewa nini, anafikiri, hana jibu, tunaendelea.

Kinachonisumbua sasa hivi ni ukubwa wa darasa. Kikao cha mdoli kinataka watoto 15, 20 hivi ili kila mtu aongee, kwahiyo nawagawa makundi, kundi moja linakuwa na mimi, waliobaki wako kwenye kona na mama mmoja anayejitolea, na siku mama huyo akikosa kikao kinakufa. Vitabu vya picha vya herufi kubwa navyo ni vichache, naandika mwenyewe kwenye magunia ya saruji kwa kalamu nene. Mwalimu yeyote mwenye 100 na kuendelea aliyepata namna ya kuendesha vikao hivi bila msaidizi naomba aniandikie anavyopanga muda wake, hata kwa ufupi. Na mafundi cherehani wa Mbagala wenye vipande vya vitenge vya rangi ya kahawia, nahitaji midoli mingine minne kabla shule hazijafunguliwa Januari, mmoja mwenye kofia pana, mmoja mwenye gongo la kutembelea, na wawili bado watoto hawajaamua.